Trilioni 1.3 na kiti cha Spika: hesabu za deni aliloliuliza Job Ndugai

Barabara ya Dodoma–Morogoro inapita Buigiri, wilayani Chamwino. Upande wa magharibi, mwendo usiofika saa moja kwa gari, liko Bunge. Ikulu ya Chamwino ni jirani. Ukielekea mashariki unafika Mbande, unaacha barabara kuu na kuingia Kongwa, jimbo lililomchagua Job Ndugai mara tano mfululizo kuanzia mwaka 2000 na ambalo alikuwa bado mbunge wake alipofariki tarehe 6 Agosti 2025. Kwa hiyo mzozo uliomng'oa katika kiti cha Spika ulitokea ndani ya kipande kimoja cha lami, na mwananchi wa Buigiri anaishi katikati yake. Hapa tunapima takwimu zilizotajwa katika mzozo huo, kwa sababu wakati ule maneno yalijadiliwa sana na hesabu kidogo sana.

Tuanze na uzito wa kiti chenyewe cha ubunge. Sensa ya 2012 iliikuta Kongwa na watu 309,973, na ya 2022 ikaikuta na zaidi ya 440,000. Mwaka 2022 Tanzania ilikuwa na watu 61,741,120 na majimbo 264, yaani wastani wa watu 233,868 kwa jimbo. Mbunge wa Kongwa alibeba karibu mara mbili ya wastani huo. Nchini Marekani, baada ya sensa ya 2020, kila mjumbe wa Baraza la Wawakilishi anawakilisha wastani wa watu 761,000. Mjumbe huyo analipwa dola 174,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijapanda tangu 2009. Spika wao analipwa dola 223,500.

Kwetu hesabu ya malipo ya mbunge ni ngumu zaidi kuifuata, kwa kuwa sehemu kubwa inakuja kama posho. Mwishoni mwa 2011, Ndugai akiwa Naibu Spika chini ya Anne Makinda, posho ya kikao ilitajwa kupanda kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama za maisha mjini Dodoma. Ukiongeza posho ya kujikimu ya 80,000 na ya usafiri ya 50,000, mbunge alifikia shilingi 330,000 kwa siku moja ya kikao. Bunge lile lilikuwa na wabunge 357. Nyongeza peke yake, yaani 130,000 mara 357, ni shilingi milioni 46.4 kwa siku ambayo wote wamehudhuria. Neno "wote" hapo ni dhana, maana wote hawahudhurii kila siku. Lakini hata wakifika theluthi mbili, nyongeza ni milioni 31 kwa siku. Bunge la 2020 lilikuwa kubwa zaidi: majimbo 264, viti maalumu 113, wajumbe watano kutoka Baraza la Wawakilishi la Zanzibar, Mwanasheria Mkuu na nafasi 10 za uteuzi wa Rais. Jumla 393.

Ndugai alisomea uhifadhi wa wanyamapori na akafanya kazi serikalini kabla ya siasa. Tarehe 17 Novemba 2015 alichaguliwa kuwa Spika kwa kura 254 kati ya 365, sawa na asilimia 70. Mwaka 2020 alirudishwa kitini kwa karibu kura zote. Alikaa miaka sita na siku 50.

Sasa deni. Mwishoni mwa Desemba 2021, katika mkutano wa Wagogo jijini Dodoma, Ndugai aligusia mkopo wa shilingi trilioni 1.3 uliotoka Shirika la Fedha la Kimataifa, akataja deni la trilioni 70, na akatahadharisha kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Aliuliza kipi ni bora: kukopa, au kujenga kwa tozo zetu wenyewe. Tarehe 3 Januari 2022 aliomba radhi hadharani. Siku iliyofuata Rais Samia Suluhu Hassan alimjibu. Tarehe 6 Januari alijiuzulu.

Swali la kwanza ni kama trilioni 70 ilikuwa takwimu sahihi. Lazima kutofautisha mambo mawili. Deni la Serikali ni lile ambalo Hazina inadaiwa, ndani na nje ya nchi. Deni la Taifa ni hilo pamoja na kile ambacho kampuni binafsi zimekopa nje. Kwa mujibu wa hotuba ya bajeti ya Juni 2022, deni la Serikali hadi Aprili mwaka huo lilikuwa trilioni 69.44: la nje trilioni 47.07, la ndani 22.37. Miezi minne baada ya mkutano wa Dodoma, basi, deni la Serikali peke yake lilikuwa limebakiza kidogo sana kufika pale alipopataja. Ukubwa wa takwimu ulikuwa sawa. Kosa, kama lipo, halimo katika trilioni 70.

Swali la pili ni kama alichagua mkopo unaostahili kulalamikiwa. Mkopo ule uliidhinishwa Septemba 2021 na ulikuwa dola milioni 567.25. Kwa dola moja kuwa shilingi 2,300, hiyo ni trilioni 1.3. Ugawe kwa watu wa sensa ya 2022 na kila mmoja anabeba shilingi 21,056. Deni lote la trilioni 69.44 ukiligawa hivyohivyo ni shilingi milioni 1.12 kwa kila mtu, mtoto mchanga wa Buigiri akiwemo. Mkopo uliozua mzozo ulikuwa chini ya asilimia mbili ya deni lote.

Ulikuwa pia miongoni mwa mikopo nafuu, ingawa si wote. Dola milioni 189.08, yaani theluthi moja, hazina riba kabisa. Marejesho yanaanza baada ya miaka mitano na nusu na kuisha mwaka wa kumi. Theluthi mbili zilizobaki, dola milioni 378.17, zina riba ya kawaida ya Shirika, na muda wake ni mfupi: zinarejeshwa kati ya miaka mitatu na robo na mitano tangu kupokelewa. Sehemu hii ya pili haikutajwa sana na wale waliousifu mkopo kuwa nafuu. Ukiigawa kwa robo mwaka nane, inatoka dola milioni 47.27 kila robo, kuanzia mwisho wa 2024 hadi 2026. Kwa kiwango cha shilingi 2,300 hiyo ingekuwa bilioni 108.7. Kwa kiwango cha 2,690 kilichokuwepo mwaka 2025 inakuwa bilioni 127.2. Tofauti ya bilioni 18 na nusu kila robo mwaka haikusababishwa na riba wala uzembe wa mtu yeyote. Imetokana na kushuka kwa thamani ya shilingi.

Swali la tatu ndilo ambalo Ndugai mwenyewe aliliuliza: tozo ingeweza kuziba nafasi ya mkopo? Tozo ya miamala ya simu ilianza Julai 2021, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Serikali ilitangaza kwamba karibu mwezi wa kwanza ulikusanya bilioni 48. Kwa kasi hiyo ungehitaji miezi 27 kufikisha trilioni 1.3. Septemba 2021 viwango vilipunguzwa kwa asilimia 30. Tukichukulia kwamba makusanyo nayo yalishuka kwa asilimia hiyohiyo, yanabaki bilioni 33.6 kwa mwezi, na muda unakuwa miezi 39. Dhana hiyo inaweza kukosea pande zote mbili: tozo ikipungua, waliokuwa wamerudi kwenye fedha taslimu wanaweza kurudi kwenye simu. Lakini kwa vyovyote vile tunazungumzia miaka miwili hadi mitatu ya kumkata mtu anayemtumia mama yake kijijini hela ya mahindi, ili kupata kiasi ambacho Shirika lilikitoa mara moja. Julai 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi shilingi 4,000, na Oktoba mwaka huo sehemu kubwa ya tozo ikafutwa. Mapato yaliyopendekezwa kama mbadala wa mkopo hayakudumu hata miezi 16 katika sura yake ya kwanza.

Kuna jambo lingine katika ulinganisho huo. Mkopo na tozo havitofautiani kwa anayelipa. Mkopo unarejeshwa kwa kodi, na kodi inatoka mfuko uleule ilimotoka tozo. Tofauti iko katika muda, na katika nani anaguswa zaidi. Tozo inamgusa anayetuma fedha ndogondogo mara nyingi. Marejesho ya mkopo yanamgusa kila anayenunua kitu chenye kodi, wakiwemo watakaonunua mwaka 2031.

Fedha zilifanya nini? Hapa takwimu zinashikika vizuri. Madarasa 12,000 ya sekondari kwa bilioni 240. Madarasa 3,000 katika vituo shikizi vya shule za msingi kwa bilioni 60. Mabweni 50 ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwa bilioni 4. Zanzibar ilipata bilioni 231. Ukigawa, kila darasa ni shilingi milioni 20 na kila bweni ni milioni 80. Linganisha na tozo: mwishoni mwa Agosti 2021 Serikali ilitenga bilioni 7 za tozo kukamilisha maboma 560 ya madarasa, sawa na milioni 12.5 kwa boma, na bilioni 22.5 kwa vituo vya afya 90, sawa na milioni 250 kwa kituo.

Milioni 20 na milioni 12.5 haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja bila maelezo. Boma ni jengo ambalo wanakijiji wamekwisha kulipandisha kwa nguvu zao: wamechimba msingi, wamefyatua tofali, wamebeba maji na mchanga, wamefika usawa wa lenta, kisha wakaishiwa. Yeyote aliyepita vijiji vya Ugogo anayajua maboma haya, kuta zenye madirisha matupu na nyasi zinazoota pale ambapo ubao ungesimama. Bei ya milioni 12.5 ni ya kuezeka, sakafu, plasta, milango na rangi. Jasho la wanakijiji halikuandikwa popote. Ukiliweka jasho hilo kwenye hesabu, pengo la milioni 7.5 linapungua au linakwisha. Tatizo jingine ni bei moja kwa nchi nzima. Milioni 20 ni ileile kwa shule iliyo karibu na kiwanda cha saruji cha Wazo Hill na kwa shule ya Chamwino, ambako saruji hiyo imesafiri mamia ya kilomita. Tuchukulie mfuko mmoja umezidi shilingi 3,000 kwa usafiri na darasa limekula mifuko 200. Shilingi 600,000 zimekwisha barabarani kabla ya fundi kushika mwiko. Takwimu za mfano huo ni zangu, lakini utaratibu wa bei moja ni wa kweli, na anayefidia ni mwananchi anayeitwa tena kuchangia.

Mabweni nayo yanastahili kuangaliwa hapa Buigiri, penye shule kongwe ya msingi ya watoto wasioona iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana. Bilioni 4 kati ya bilioni 1,300 ni asilimia 0.3. Mzazi anayemleta mtoto asiyeona kutoka mbali hawezi kutenganisha shule na bweni. Bila kitanda hakuna darasa. Katika mpango wote wa trilioni 1.3, fungu la mtoto huyo lilikuwa shilingi tatu katika kila elfu.

Sasa tufike kwenye hesabu ambayo mkutano wa Desemba haukuifikia. Juni 2021 Bunge, Ndugai akiwa Spika, lilipitisha bajeti ya trilioni 36.33. Mapato ya ndani yalikadiriwa trilioni 26.03. Zilizobaki, trilioni 10.30, zilikuwa mikopo na misaada: 4.99 kutoka soko la ndani, 2.35 mikopo ya nje ya masharti ya kibiashara, na 2.96 kutoka kwa washirika wa maendeleo. Mikopo ya kibiashara ya nje peke yake ilikuwa karibu mara mbili ya mkopo wa Shirika, na riba yake ni kubwa zaidi. Ilipita Dodoma mchana kweupe, kwa kura.

Bajeti hiyohiyo ilitenga trilioni 10.66 kuhudumia deni la Serikali. Ukilinganisha na mapato ya ndani, katika kila shilingi 100 zilizotarajiwa kukusanywa, 41 zilikuwa zimeshapangiwa wadai. Takwimu hii inahitaji kusafishwa kidogo. Ndani yake mna trilioni 3.15 za dhamana na hatifungani zinazoiva, ambazo Serikali hulipa kwa kukopa upya kwenye soko lilelile. Ukiziondoa inabaki trilioni 7.51, sawa na shilingi 29 kwa kila 100. Hata hiyo 29 ni nzito, na ingekuwa hoja imara kuliko mnada.

Serikali ina kipimo chake, nacho si cha kupuuzwa. Shirika la Fedha na Benki ya Dunia hupima deni kwa thamani ya sasa, yaani malipo yote ya baadaye yakipunguzwa hadi thamani yake ya leo, kisha yakalinganishwa na Pato la Taifa. Ukomo wake ni asilimia 35 kwa nchi yenye uwezo mdogo wa kubeba deni, 55 kwa uwezo wa kati na 70 kwa uwezo mkubwa. Tathmini ya mwishoni mwa 2022 iliiweka Tanzania kwenye 32.6 dhidi ya ukomo wa 55. Kwa kipimo hicho mnada ulikuwa mbali. Ila kipimo kinagawanya kwa Pato la Taifa, na Pato la Taifa linajumuisha mtama wa mkulima wa Buigiri anaoula mwenyewe. Hazina hailipi wadai kwa mtama huo. Inalipa kwa makusanyo, na ndiyo maana naiamini zaidi ile hesabu ya shilingi 29.

Kongwa ina kumbukumbu yake ya fedha kubwa kutoka nje. Mwaka 1947 Waingereza waliifanya makao ya mpango wa karanga. Mpango ulipofutwa mwaka 1951, hasara iliyoandikwa ilizidi pauni milioni 36, na karanga zilizovunwa awali zilikuwa chache kuliko mbegu zilizonunuliwa. Hasara ile ililipwa na mlipakodi wa Uingereza na ikajadiliwa katika Bunge lake. Hasara ya mkopo wetu tunailipa wenyewe, hivyo sababu ya kuijadili ni kubwa zaidi.

Miezi 21 baada ya Ndugai, Spika mwingine alipoteza kiti kwa mzozo uliozunguka deni. Nchini Marekani, Bunge ndilo linaloweka kwa sheria ukomo wa deni; mwanzoni mwa 2023 ukomo ulikuwa dola trilioni 31.4, zaidi ya dola 93,000 kwa kila Mmarekani. Kevin McCarthy alikubaliana na Rais Joe Biden kuusimamisha ukomo huo, akazidi kuwaudhi baadhi ya wenzake kwa bajeti ya muda, na tarehe 3 Oktoba 2023 akaondolewa kwa kura 216 dhidi ya 210, baada ya siku 269. Alikuwa Spika wa kwanza wa Marekani kuondolewa kwa kura. Kila aliyempinga ana jina kwenye orodha. Ndugai hakupigiwa kura. Barua yake ya kujiuzulu ilielekezwa kwa Katibu Mkuu wa chama chake, CCM. Tarehe 1 Februari 2022 Tulia Ackson alichaguliwa kuwa Spika kwa kura zote 376. Hakuna kumbukumbu ya Bunge inayoonyesha mbunge gani aliafiki hoja ya deni na nani aliikataa, kwa sababu hoja haikuwahi kuletwa Bungeni.

Kwa haki, historia yake mwenyewe haikumsaidia. Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu iliyotoka Aprili 2018 ilizua maswali juu ya pengo la trilioni 1.5, kati ya makusanyo ya trilioni 25.3 na matumizi ya 23.79. Mwaka uliofuata, mkaguzi huyo, Profesa Mussa Assad, alipoutaja udhaifu wa Bunge, Ndugai alimwita ajieleze, na tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Spika aliyekuja kuuliza juu ya trilioni 1.3 alikuwa amesimamia azimio dhidi ya mtu ambaye kazi yake kikatiba ni kukagua trilioni hizo. Nadhani hilo ndilo doa kubwa zaidi katika utumishi wake, kubwa kuliko maneno ya Desemba 2021.

Tangu Aprili 2022 deni la Serikali limekua. Hotuba ya bajeti ya 2025 ilitaja trilioni 107.7. Ongezeko ni trilioni 38.26 kwa miaka mitatu, asilimia 55. Si lote ni mikopo mipya: ikiwa deni la nje la trilioni 47.07 lote lingekuwa la dola, kupanda kwa dola kwa asilimia 17 dhidi ya shilingi kungeongeza trilioni 8 bila kukopa hata senti. Hiyo ni sehemu moja katika tano, na ndiyo kikomo cha juu cha utetezi huo, maana si deni lote la nje ni la dola. Kwa watu wapatao milioni 68, mwaka huo wa 2025 kila mmoja alibeba shilingi milioni 1.58, kutoka 1.12. Ukiondoa mfumuko wa bei wa asilimia 3 hadi 4 kwa mwaka, mzigo halisi wa kila mtu ulipanda kwa zaidi ya robo.

Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada inampa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa, na Bunge halipigi kura mkopo kwa mkopo. Lakini ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali, na bajeti ya kila Juni lazima ipite mikononi mwake. Mwananchi wa Buigiri au Kongwa anayekutana na mbunge wake Julai amwombe takwimu mbili tu: katika kila shilingi 100 za mapato ya ndani, ngapi zinakwenda kwa wadai, na mwaka uliopita zilikuwa ngapi. Zote mbili zimo ndani ya kitabu cha bajeti alichokipigia kura.